Waya za meno za kujifunga zenyewe: unalipia nini hasa?

Kila ifikapo msimu wa bonasi ya chai huku Kericho na Bomet, kati ya Septemba na Oktoba, maduka ya mabati na magodoro hujaa watu. Siku hizi kliniki za meno nazo hupata fungu lao. Mzazi aliyekuwa akiahirisha tangu mtoto yuko shule ya msingi sasa ana fedha mkononi, na ana swali moja tu. Kuna waya za meno za kawaida, zile zenye vipete vya raba vya rangi rangi, na kuna hizi anazoambiwa kuwa zinajifunga zenyewe. Zipi zitamnyoosha mtoto meno haraka? Bei zake hazilingani hata kidogo, na bonasi ya upande huu wa Bonde la Ufa kwa kawaida huwa chini ya ile wanayopata wenzao wa Mlima Kenya. Akikosea kuchagua, hana ya pili mpaka mwaka ujao.

Mimi si daktari. Ni mtu wa chai. Nimezaliwa Mombasa, nikaanzia kazi kwenye maghala ya Shimanzi ambako chai ya bara husubiri mnada, kisha kazi hiyo hiyo ikanipandisha huku inakolimwa. Sasa ni mwaka wa tisa. Mpwa wangu nimemlea hapa, na alipofika umri wa kufungwa waya nilikataa kutoa hata shilingi kabla sijaelewa ninachonunua. Nikasoma, nikauliza madaktari, nikarudi kusoma. Tangu hapo majirani wananitumia kama ofisi ya maswali, na simu za kutoka nyumbani Mombasa, Malindi na Lamu ni zile zile. Ndiyo maana nimeona bora niyaandike mahali pamoja.

Tuanze na jino lenyewe, maana hapo ndipo matangazo mengi yanapoanza kupotosha.

Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi wake na mfupa kuna nyuzi nyembamba sana zinazolishika pande zote, mfano wa kitanda cha kamba kinavyombeba mtu. Ukilisukuma jino polepole kwa muda mrefu, nyuzi za upande mmoja zinabanwa na za upande wa pili zinavutwa. Pale palipobanwa, mwili unatuma chembe hai za kula mfupa. Pale palipovutwa, unatuma nyingine za kujenga mfupa mpya. Jino linahama kwa sababu mfupa unavunjwa mbele yake na kujengwa nyuma yake. Kazi hii ina mwendo wake, nao ni wa kiasi cha milimita moja kwa mwezi, wakati mwingine chini ya hapo.

Watu wengi hudhani ukikaza zaidi utafika upesi. Kinyume chake ndicho hutokea. Ukisukuma kwa nguvu kupita kiasi, mishipa midogo ya damu katika zile nyuzi inabanwa, damu haipiti, na chembe zinazotakiwa kufanya kazi zinakufa. Jino linasimama kwa wiki kadhaa mpaka mwili usafishe uharibifu ule, na maumivu ndiyo yanayobaki. Nguvu kubwa ya muda mrefu inaweza hata kufupisha mizizi. Kwa hiyo daktari mzuri hutafuta nguvu ndogo isiyokatika. Atakayekuahidi meno yaliyosongamana vibaya kunyooka kwa miezi michache kwa sababu ya aina ya chuma, huyo anagombana na mfupa wa mwanadamu.

Sasa vyuma. Juu ya kila jino hubandikwa kichuma kidogo chenye mfereji katikati. Ndani ya mfereji hupita waya mmoja unaozunguka taya nzima. Waya huo ukiwa wa mchanganyiko wa nikeli na titani, una tabia ya kukumbuka umbo lake: unapindwa ili uyafikie meno yaliyopotoka, nao unataka kurudi kwenye upinde wake wa asili, na katika kurudi huko unayavuta meno. Nguvu inatoka kwenye waya. Kichuma ni mpini tu. Ukilishika hili, mengine yote ni mepesi.

Linabaki swali dogo la ufundi: waya ukishaingia kwenye mfereji, nini kitauzuia usitoke? Njia ya zamani ni kuufunga kwa kiwaya laini cha chuma kinachosokotwa kwa koleo, jino moja baada ya jingine. Ni njia imara lakini inakula muda. Baadaye zikaja raba, vile vipete vidogo ambavyo watoto huchagua rangi. Zinawekwa haraka na watoto wanazipenda, ila zina udhaifu: ndani ya mdomo wenye joto na mate, raba hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake katika siku ya kwanza tu. Njia ya tatu ni kukitengenezea kichuma chenyewe kilango kidogo kinachoteleza au kijispringi kinachobonyea, kifunge mfereji bila raba wala kiwaya. Hiyo ndiyo waya ya kujifunga yenyewe. Hakuna siri zaidi ya hiyo.

Wala si kitu kipya. Kichuma cha namna hiyo kilitengenezwa Marekani na Jacob Stolzenberg mwaka 1935, kikasahaulika. Wazo likafufuliwa miaka ya 1970, Herbert Hanson wa Kanada akatengeneza chake chenye springi, na mwaka 1996 Mmarekani Dwight Damon akatoa aina iliyopewa jina lake, ambayo ndiyo iliyovuma duniani. Kwa hiyo ukiambiwa ni "teknolojia ya kisasa kabisa", jua kwamba babu wa kichuma hicho ni mkubwa kuliko Jamhuri ya Kenya.

Ziko za namna mbili. Katika namna ya kwanza kilango kinafunika mfereji tu, waya unakaa ndani bila kubanwa. Katika ya pili kile kijispringi kinaugusa waya na kuubonyeza kidogo. Wauzaji wa kila namna wana hadithi yao kwa nini ya mwenzao ni mbaya. Kwa mgonjwa, tofauti hiyo haijawahi kuonyeshwa kuwa kitu cha kumkosesha usingizi.

Hadithi yenyewe inasimuliwa hivi. Raba inaubana waya kwenye mfereji, kubana kunaleta msuguano, msuguano unachelewesha jino kuteleza. Ondoa raba, weka kilango, jino litateleza kama jahazi linaloshushwa majini kwenye magogo yaliyopakwa mafuta. Kutokana na hapo zikazaliwa ahadi nne: matibabu mafupi, maumivu kidogo, safari chache za kliniki, na meno kutong'olewa kwa ajili ya kupata nafasi. Kijana mmoja wa mapokezi katika kliniki niliyokwenda (jina la kliniki nitalihifadhi) alinieleza yote manne kwa pumzi moja. "Mzee, hizi hata hazimkeri mtoto, na utaokoa nusu ya muda," akasema, huku akinisogezea karatasi ya bei. Tofauti ya bei kati ya aina mbili ilikuwa inatosha karo ya muhula mzima.

Sikumjibu vibaya. Kijana yule anasema alichofundishwa, na haikutoka hewani. Maabarani, ukivuta waya mwembamba kupita kwenye kichuma chenye kilango, msuguano kweli ni mdogo sana. Na uchunguzi wa mwanzo, uliochapishwa mwaka 2001 kwa kupekua mafaili ya wagonjwa waliokwisha kutibiwa, ulionyesha waya za kujifunga zikimaliza kazi miezi kadhaa mapema.

Tatizo la kupekua mafaili ni hili: daktari aliyenunua chombo kipya kwa fedha nyingi huwa amebadilisha mambo mengi kwa pamoja. Anatumia waya bora, anapanga ziara kwa njia nyingine, pengine hata amechagua wagonjwa wepesi kuanza nao. Ukija kulinganisha, hujui ni kilango kilichosaidia au ni hayo mengine. Sisi wa chai tunalijua hili. Ukipewa sampuli ya kiwanda kimoja kutoka mvua za Aprili na ya kingine kutoka ukame wa Februari, usije ukasema umelinganisha viwanda.

Dawa yake ni jaribio la kura. Wagonjwa wanaofanana wanagawanywa kwa bahati nasibu, hawa wapewe kilango, hawa raba, kila kitu kingine kiwe sawa. Majaribio hayo yakafanyika. Moja la Uingereza lilichukua wagonjwa 62 waliokuwa na meno ya mbele ya chini yaliyosongamana. Matokeo ya mwanzo yalichapishwa mwaka 2008: meno hayakunyooka upesi zaidi kwa wenye kilango, wala maumivu hayakuwa na tofauti ya maana. Wagonjwa hao wakafuatiliwa mpaka mwisho, na mwaka 2011 ikatolewa hesabu ya muda wote: waya za kujifunga zilichukua wastani wa miezi 24 na ushei, za kawaida miezi 23. Tofauti ya mwezi mmoja na kitu hapo ni bahati tu, haithibitishi kwamba za kawaida ndizo za haraka. Lakini ile nusu ya muda haikuonekana popote.

Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti zilizokuwepo na kuzipima pamoja. Walichokubali kuwa faida ya kweli ni mambo mawili madogo. Daktari hutumia muda mfupi zaidi kufungua na kufunga, na meno ya mbele ya chini huegemea nje kidogo zaidi yakitumiwa raba, kwa nyuzi kama moja na nusu. Nyuzi hizo ni za pembe, ile ya kwenye hesabu. Kwa macho hutaziona.

Basi msuguano ulikwenda wapi? Mdomo si maabara. Mtu anatafuna, anaongea, anameza mate, na kila kutafuna kunautikisa waya. Ile raba iliyobana jana, kesho imeshalegea. Na jino linapohama halitelezi wima kama mlango wa duka. Linainama kidogo, waya unakwama kwenye ukingo wa mfereji, kisha jino linanyooka, linainama tena. Kukwama huko kupo uweke raba au kilango. Juu ya yote, mwendo wa mwisho unaamuliwa na mfupa, nao hauna habari na kilichobandikwa nje.

Kuhusu kung'oa meno, uamuzi unategemea ukubwa wa taya, wingi wa meno na sura ya mtu akitazamwa kwa ubavu. Kilango hakiongezi taya. Meno yakilazimishwa kuenea pasipo nafasi, yanasukumwa mbele mpaka midomo inashindwa kufunga vizuri, au yanatoka kwenye ukingo wa mfupa na ufizi unaanza kushuka. Daktari akisema jino ling'olewe, muulize sababu na aikuonyeshe kwenye eksirei. Akisema lisiong'olewe, muulize hivyo hivyo.

Je, basi waya za kujifunga hazina faida? Zipo, nazo ni za watu wa chai hasa. Raba nyeupe au za rangi ya maji hunywa rangi. Chai huzigeuza hudhurungi ndani ya siku chache, na mtoto anayezificha kwa aibu nimemwona. Hapa Kericho kinachosaidia kidogo ni kwamba watu hunywa chai ya maziwa, na protini ya maziwa hushikana na tanini za chai kabla hazijafika kwenye raba. Sisi wa pwani na chai yetu ya rangi hatuna kinga hiyo, na kuna kibaya zaidi yake: bizari ya manjano. Mpwa wangu alikwenda Mombasa likizo na raba nyeupe, harusi moja ya Kibokoni ikatosha. Biriani mchana, achari, mabuyu mekundu jioni. Alirudi na meno yenye rangi ya bendera ya nchi nisiyoijua. Waya za kujifunga hazina raba hizo, kwa hiyo hazina cha kunywa rangi. Lakini dawa ya bei nafuu ni kuchagua raba za kijivu au rangi nzito, na zinabadilishwa kila ziara.

Afadhali rangi kuliko sukari. Chai ya huku hunywewa mara nne, mara tano kwa siku, na sukari yake si ya kubahatisha. Ukingoni mwa kila kichuma kuna kona ambayo mswaki wa haraka hauifikii. Sukari ikikaa hapo pamoja na utando wa meno, bakteria hutengeneza asidi na jino linaanza kupoteza madini. Siku vichuma vinapotolewa unakuta meno yamenyooka kama mstari na kila moja lina alama nyeupe ya chaki yenye umbo la kichuma, nyingine zimeshakuwa tundu. Alama hizo hazifutiki kirahisi. Kilango hakizuii hilo. Tafiti za usafi kati ya aina mbili zimetoa majibu yanayopishana. Kinachozuia ni mswaki baada ya kula, dawa ya meno yenye floraidi, na kupunguza idadi ya vikombe vitamu kwa siku. Vitu vigumu navyo ni adui wa gundi: mahindi ya kuchoma ya huku, muwa na kashata za kwetu. Mursik haina neno.

Linalofuata ndilo lililonifanya niamue, na sikulisoma kwenye tangazo lolote. Ni umbali.

Madaktari bingwa wa kupanga meno nchini ni wachache, na wengi wao wako Nairobi na miji mikubwa. Hospitali za rufaa za kaunti Kericho na Longisa, na Tenwek iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937, zina shughuli nyingi, na meno yanayouma hutangulia meno yaliyopinda. Kwa mtu wa Kericho mjini, Kisumu ni kama kilomita 80 na Nakuru ni zaidi ya 100. Wa Bomet anapita kwanza Kaplong, Kapkatet na Litein ili afike Kericho, au anashika njia ya Narok kwenda Nairobi. Na watoto wa umri huu wako shule za bweni, ruhusa ya kutoka inaombwa kwa barua. Msomaji wa Faza au Kipini hahitaji kuelezwa habari hii.

Kwa hiyo ile ahadi ya safari chache ndiyo inayomvutia mzazi wa huku kuliko zote. Nimeiuliza kwa madaktari tofauti na jibu lililonitosheleza ni hili: waya wa nikeli na titani hushikilia nguvu yake kwa wiki nyingi, uwe chini ya kilango au chini ya kitu kingine. Kinachochoka ni raba. Na kwa mgonjwa wa mbali, daktari anaweza kufunga kwa vile viwaya laini vya chuma vya zamani, ambavyo havilegei kama raba. Vinakula muda wa daktari, ndiyo, na kwa sababu hiyo hutaambiwa usipouliza. Mimi niliuliza. Ziara za mpwa wangu zikapangwa zifuate likizo za shule na mapumziko ya katikati ya muhula, na meno hayakukasirika.

Upande wa pili wa umbali ni kuharibika. Raba ikikatika, afisa yeyote wa meno hapa Kericho anayo boksi zima na ataibadilisha kwa dakika moja. Kichuma cha kawaida kikibanduka, kupata mwenzake ni rahisi. Lakini kilango kikivunjika au kikiziba kwa uchafu mgumu wa meno, kila kampuni ina kifaa chake cha kukifungulia na kichuma chake chenye vipimo vyake. Aliyekifunga yuko Nairobi, wewe uko Mogogosiek, na waya unachoma shavu. Wakati huo, bandika nta ya meno juu ya ncha inayochoma, kisha piga simu. Usiukate kwa koleo la nyumbani.

Kuna jambo la enameli, ile ngozi ngumu ya nje ya jino, ambalo wazazi wa huku wajue. Maji ya ardhini ya sakafu ya Bonde la Ufa, upande wa Nakuru, Elementaita na Naivasha, mahali pengi yana floraidi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto aliyekulia huko meno yakiwa bado yanajitengeneza ndani ya taya anaweza kuota meno yenye madoa ya kahawia. Enameli ya namna hiyo ikizidi haikubali vizuri asidi inayotumika kuliandaa jino kwa gundi, na vichuma hubanduka mara kwa mara. Familia nyingi zimehama kati ya kule na huku. Mwambie daktari mtoto alikulia wapi, kwa sababu gundi na matayarisho yanaweza kubadilishwa. (Mchai nao hufyonza floraidi kutoka udongoni na kuiweka kwenye majani, zaidi kwenye yale yaliyokomaa. Majani mawili na kichipukizi yanayochumwa hapa ni machanga, kwa hiyo usiogope kikombe chako.)

Wazee wa Kipsigis ninaokutana nao kwenye vituo vya kununulia chai, baadhi yao hawana meno mawili ya mbele ya chini. Yaling'olewa utotoni kwa mila, kama ilivyokuwa kwa Wanandi, Wamaasai na, kwa idadi kubwa zaidi, Wajaluo. Sababu inayotajwa mara nyingi ni pepopunda: taya likijifunga, mgonjwa aweze kunyweshwa kupitia pengo. Mzee mmoja alinichekea nilipomweleza gharama za kupanga meno. Kwao uzuri ulikuwa hapo hapo penye pengo. Sikushangaa, maana sisi nasi tuna mwanya. Binti wa pwani mwenye mwanya wa juu amesifiwa tangu enzi za bibi zetu. Lakini kwa mtaalamu aliyefundishwa kwa vitabu vya Marekani mwanya ni kasoro, ataufunga bila kuuliza, akidhani amekufanyia hisani. Ukiutaka, useme siku ya kwanza na uandikwe kwenye faili. Dada mmoja wa Malindi aliniambia mama yake alilia alipomwona binti amerudi bila mwanya.

Jingine ni la hatari, nalo ni fupi. Vijana wanafungana raba za kawaida kwenye meno mawili ya mbele ili kuziba nafasi, wakifuata video. Raba hiyo hupanda kwenye mzizi chini ya ufizi, inapotea machoni, na huendelea kula mfupa mpaka jino linang'oka likiwa zima. Ukikuta mtoto wako anafanya hivyo, mpeleke kliniki siku hiyo hiyo hata kama raba haionekani.

Nilivyoamua kwa mpwa wangu: vyuma vya kawaida, vimefungwa kwa viwaya vya chuma miezi ya shule, na raba za kijivu akitaka kujipamba likizo. Tofauti ya bei niliiweka kwenye nauli na kwa daktari bingwa mwenyewe, ambaye ada yake ilikuwa juu. Jina lake nililihakikisha kwanza kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama mtandaoni. Kama daktari wako ni bingwa, amezoea waya za kujifunga na bei yake unaimudu, zitumie. Mkono uliozoea chombo ni faida ya kweli. Sina ugomvi na kilango. Nina ugomvi na ahadi iliyobandikwa juu yake.

Kisha uliza bei ya riteina kabla hujalipa ya waya. Riteina ni kile kifaa cha kuvaliwa usiku, au kiwaya kinachogandishwa nyuma ya meno, baada ya vichuma kutolewa. Zile nyuzi zinazolishika jino zina kumbukumbu ndefu, zitalivuta lirudi lilikotoka, na mwaka wa kwanza ndio hatari zaidi. Katika karatasi mbili za bei nilizopewa, moja haikuitaja riteina kabisa, na nilipouliza nikaambiwa hiyo ni gharama ya baadaye. Mpwa wangu yake ina kiboksi cha plastiki chenye jina lake. Ameambiwa asiifunge kwenye tishu mezani wakati wa kula, maana mwenzake wa bwenini aliifunga hivyo, msafishaji akaizoa pamoja na maganda ya mahindi, na mpya ikawa ni safari nyingine ya Nakuru.